Ngome ya Plaiwudi

Dadar, Bombay
14 Juni 1969

Baba,

Shikamoo, na mama umfikishie yake. Mimi sijambo. Goti lako je, limepoa, au bado unapanda ngazi za studio ukiuburuta mguu?

Nianze na lililo gumu, nisije nikalizunguka. Chuo cha ualimu sikuingia. Nilifika, nikapanga foleni, kisha nikatoka. Wiki ya tatu sasa ninafanya kazi kwenye gazeti la filamu linalotoka kila Ijumaa. Ninasahihisha prufu, kurasa za majaribio kabla hazijachapwa. Mhariri, Bwana Karnik, aliniuliza mbele ya wenzake, "Binti, unajua tofauti ya mwongozaji na mtayarishaji?" Nikamwambia, "Mmoja hulia filamu isipopendeza, mwingine hulia isipouza." Wakacheka, nikapewa kiti.

Mwanamke ni mimi peke yangu ofisini. Wamenipa pia barua za wasomaji nizijibu: mwigizaji fulani nywele ni zake au za bandia? Ninajibu. Lakini sikuja hapa kwa ajili ya nywele. Nitaandika uhakiki wa filamu, hata ikichukua miaka kumi. Nikasirikie mimi. Mama hakujua lolote.

Mwanao,
Kumudini

Kolhapur
2 Julai 1969

Kumu mwanangu,

Barua tumeisoma. Miili yetu haina neno. Mama yako alinyamaza siku nzima, na unamjua, kwake huo ni ugonjwa. Jioni akasema, "Sinema ulimfundisha mwenyewe. Sasa kunywa chai yako ukanyamaze na wewe."

Hajakosea. Miaka ishirini na sita ninamjengea Bwana Dinkarrao majumba ya plaiwudi kwa filamu anazoongoza, na nusu ya miaka hiyo ulikuwa ukicheza kwenye maranda yangu. Kwa hiyo usidhani ninaidharau kazi uliyoichagua. Ninaiogopa. Watu wa filamu ukiwasifu ni ndugu zako, ukinyamaza tu wamekusahau. Mwalimu huamkiwa njiani mpaka anazeeka.

Umekwisha kuamua, basi kaa. Usiandike kitu ambacho hukukiona kwa macho yako. Na kula vizuri, mama yako ameniamuru niandike hivyo mara mbili. Kula vizuri.

Baba yako,
Ganpat

Dadar
20 Septemba 1971

Baba,

Shikamoo. Natumaini mvua haijalipiga paa tena. Huku tuna afya, ila ukungu umeota hadi kwenye viatu.

Nimepata ukurasa. Mhakiki wetu alilazwa kwa homa ya matumbo, na filamu tatu zilikuwa zinatoka Ijumaa hiyo. Bwana Karnik alitazama chumba kizima kabla ya kunitazama mimi. Niliona zote tatu kwa siku mbili, nikaandika. Akafuta maneno yangu mazuri yote, akabakiza yenye maana. Nilitaka kulia, kisha nikasoma tena, nikaona alikuwa sahihi. Aliyeugua amepona, lakini ukurasa sikurudisha, wala hakuna aliyenidai.

Watayarishaji sasa wanaleta ofisini vikapu vya laddu, vile vitamu vya mviringo. Ninavirudisha na kijikaratasi cha shukrani. Wenzangu wamekasirika, wanapenda laddu.

Mwanao,
Kumudini

Kolhapur
11 Oktoba 1971

Kumu,

Sote wazima, ng'ombe naye amezaa. Kwenye duka la chai fundi cherehani anausoma ukurasa wako kwa sauti, na wasiokubaliana nawe wanakuja kugombana na mimi. Ninawaambia mimi ni baba yake, si yeye.

Mama anauliza habari za ndoa. Nimeuliza, nimemaliza.

Bwana Dinkarrao anatayarisha filamu kubwa ya zamani za wafalme. Amenipa ngome yote niijenge, na lango lenye miiba ya chuma. Amesema, "Ganpat, jenga kama jeshi la Wamughali linakuja kweli." Kumu, sijawahi kupewa kazi kama hii.

Baba yako

Dadar
8 Novemba 1972

Baba,

Shikamoo kwako na kwa mama. Afya ninayo.

Jana tulioneshwa filamu ya Bwana Dinkarrao. Uhakiki wangu utatoka Ijumaa, na nimetaka uujue kabla ya fundi cherehani. Filamu ni mbovu, Baba. Waigizaji wanasema tu, hawaishi. Bwana Dinkarrao amechoka, na uchovu wake unaonekana. Nimeandika hivyo. Nimeandika pia kwamba kitu cha kweli katika filamu nzima ni ngome.

Bwana Karnik alisema, "Punguza makali, huyu ni mzee wetu." Nilikaa na kalamu saa nzima. Kila nilipopunguza, ikawa uongo. Ninajua mkate wetu umetoka mikononi mwa nani. Unisamehe, au unikemee, ila uniandikie.

Kumudini

Dadar
3 Machi 1973

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua ya nne bila jibu. Binamu ameniandikia kwamba huendi tena studio. Hakusema sababu, nami sithubutu kubuni.

Watu wa Bwana Dinkarrao walitaka gazeti liombe radhi. Wenye gazeti walikubali, wakanipa karatasi niweke saini. Nilikataa. Wamenirudisha kwenye barua za wasomaji, meza ile ile. Bwana Karnik hanitazami usoni.

Maneno yangu sitayarudisha. Lakini kama nimekuvunjia nyumba, niambie wewe mwenyewe.

Kumudini

Kolhapur
19 Januari 1974

Kumudini,

Tuko hai. Mama yako anakusalimu, amenipa kalamu mkononi na kusimama mlangoni, kwa hiyo naandika.

Nilikuwa na hasira. Uliyoyaandika niliyajua tangu siku ya kumi ya kupiga picha, lakini kuyajua ni kitu kimoja, na kusomewa na fundi cherehani ni kingine. Nilikwenda kuitazama filamu. Watu walikuwa wakitoka katikati. Niliona aibu kama mimi ndiye niliyeigiza.

Kisha katibu wa Bwana akaniletea barua iliyokwisha kuandikwa. Inasema mimi Ganpat Sutar ninayakana maneno ya binti yangu. Nikamwambia, "Na ngome je, nayo niikane?" Sikutia saini. Ndiyo maana siendi studio. Ninatengeneza madawati ya shule, kazi nzuri, hayavunjwi Jumamosi kama majumba ya filamu.

Lakini wewe nawe umekosea, na hakuna aliyekuambia. Uliisifu ngome, hukusema imejengwa na baba yako. Mji mzima ulijua, wasomaji wako hawakujua. Hapo uliwaficha kitu. Lirekebishe, kisha uje nyumbani ule.

Baba

Girgaon, Bombay
5 Agosti 1975

Baba,

Shikamoo. Chatini ya mama imefika, chupa imepasukia ndani ya parseli, tumeila hivyo hivyo.

Nimeacha kazi kule. Pamoja na wenzangu wawili tumeanzisha jarida letu la kila mwezi, chumba kimoja juu ya duka la vitabu, na mhariri ni mimi. Ukurasa wa kwanza wa toleo la kwanza nimeandika kosa langu: kwamba mwaka 1972 nilisifu kazi ya baba yangu bila kusema ni baba yangu. Mwenzangu alisema, "Unafungua duka kwa kutangaza ulikuwa mwizi?" Nikamwambia naam, watajua nimeacha.

Mwanao,
Kumudini

Girgaon
2 Februari 1979

Baba,

Shikamoo. Nimepata habari za kifo cha Bwana Dinkarrao asubuhi hii. Pole, najua ni pole yako kuliko ya wengi.

Magazeti yote yatamwaga asali. Mimi siwezi kumwandikia tanzia, nilimjua kwa jicho la mkosoaji tu. Ninaomba uandike wewe. Si kama mwanao ninayekuomba, ni mhariri. Kurasa tatu, kabla ya tarehe kumi.

Kumudini

Kolhapur
8 Februari 1979

Bi Mhariri,

Tu wazima, baridi tu. Nilikwenda mazishini. Mtoto wake mkubwa alinitoa nyuma, akanipisha kwenye jeneza, nikabeba mpaka mtoni alikochomwa.

Kurasa ni hizi. Nimeeleza jinsi alivyogusa kila mlango niliomjengea kabla ya kupiga picha, na jinsi alivyonifukuza bila kuniita mwenyewe. Yote mawili alikuwa yeye. Kama huwezi kuchapisha moja, usichapishe jingine.

Ganpat Sutar

Girgaon
1 Machi 1979

Baba,

Shikamoo. Jarida limetoka jana na nakala tano zako zipo njiani. Mjane wa Bwana Dinkarrao amepiga simu. Alisoma akalia, kisha akaomba nakala nyingine.

Nimechapisha yote, kwa jina lako, na nimetaja kwamba wewe ni baba wa mhariri. Nimekata sentensi mbili tu: ile uliyosema wewe ni seremala na hujui filamu, na ile uliyoomba radhi kwa kuandika. Usibishane nami. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Mwanao, mhariri wako,
Kumudini