Kipi Kibadilike?

Jumatatu, 9 Juni
Imekamilika! Programu ya ghala imekabidhiwa, mume wangu kanipigia akicheka kama mtoto. Keshokutwa kikao cha mwisho, Ijumaa yuko nyumbani. Ijumaa! Nimefua hata mashuka ambayo hayakuwa machafu.

Nikamuuliza, kazi imeisha, kikao cha nini tena? Kasema ndiyo desturi ya timu yao: mradi ukiisha wanakaa na kujiuliza. Kipi kilikwenda vizuri, kipi kilituumiza, kipi kibadilike. Kunyoosheana vidole marufuku. Wifi yangu akadakia: ukoo wetu ukikatazwa vidole, tutakosa cha kuongea!

Jumatano, 11 Juni
Haji tena Ijumaa.

Kilichowaumiza ni harusi yetu! Programu iligoma siku ile ile, malori yakakwama getini, na mtu pekee aliyejua kuiamsha alikuwa ubavuni mwangu, simu kaizima. Leo sitaki simu, nataka mke — ndivyo alivyoniambia. Jamani, mume wangu! Kikaoni akataka kuomba radhi, kiongozi wao akamkatiza: bwana harusi hana kosa, tujiulize kwa nini sisi wengine hatukujua. Wakaamua awafundishe wenzake wawili kwanza, ndipo aondoke.

Wana haki. Lakini mimi na mto wake tumebaki kutazamana tu.

Ijumaa, 13 Juni
Nimepika cha watu wawili. Mazoea gani, na hata mwezi hatujakaa pamoja! Wifi kala sehemu ya kaka yake. Kasema niache kukodolea mlango macho, mgeni wa leo ni yeye wifi, na keshaingia.

Jumanne, 24 Juni
Wameiva! Jana programu iligoma tena, wenzake wakaiamsha wenyewe, yeye kakunja mikono. Nikapiga vigelegele, wifi akatoka mbio bafuni na povu kichwani.

Halafu ujumbe wa sauti wa mume wangu. Sauti ya chini. Kwa kuwa kafundisha vizuri mno, kiongozi anataka akafundishe kwenye ghala jingine, mbali zaidi. Hajamjibu. Anataka kwanza tufanye kikao chetu, mimi na yeye. Kipi kilikwenda vizuri? Kasema: wewe. Kipi kinatuumiza? Kasema: umbali. Kipi kibadilike — hilo kaniachia mimi.

Nimeandika: rudi. Nikafuta.
Nimeandika: nikufuate? Nikafuta.
Kwenye simu naona naye anaandika. Kaacha. Anaandika tena —