Samaki Wametoka Karantini, Mimi Bado

Mpendwa mshauri, shikamoo kama wewe ni mkubwa wangu, na kama ni mdogo basi marahaba, maana picha yako gazetini ni ndogo na macho yangu yameshaomba likizo. Shule niliiacha kabla haijaniacha, kwa hiyo ukikuta sentensi haina breki nivumilie, mimi nilisomea mitambo, si nukta.

Naomba unisaidie kabla sijafanya ujinga. Nilikuwa fundi wa mitambo ya kuvunja mawe, kambi za mbali, nyumbani nafika mara moja kwa mwaka kama kodi, naacha matumizi, naondoka, watoto wamekua hivyo hivyo mpaka wameoa na kuolewa. Sasa nimestaafu nimerudi na masanduku yangu kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe, nikijua mke wangu atanipokea kwa mikono miwili, kumbe bibi huyu, ambaye ni mshonaji wa sare za shule, nyuma yangu ameanza kufuga samaki. Si wa kuliwa, wa kutazamwa! Tangi la kioo limekula ukuta wa sebule, lina taa, lina mawe, lina majani, lina hata mashine ya hewa inayokoroma kunizidi.

Samaki wake huja kwa basi, ndani ya boksi jeupe, kwenye mifuko ya nailoni iliyojazwa hewa. Wiki niliyofika mimi na wao walifika. Ungemwona! Alizima taa wasishtuke, akaweka mfuko juu ya maji ya tangi dogo ukaelea bila kufunguliwa, ili joto lilingane, halafu akaufungua akawa anaongeza maji kikombe kimoja, anasubiri, kikombe kingine, anasubiri, huku anawasemesha, "Taratibu baba, taratibu, mmeshafika." Baba! Mimi niliyeshuka na goti bovu niliambiwa viatu vyangu vikae nje. Mwishowe akawatoa kwa wavu mdogo akawatia tangini, na yale maji waliyosafiri nayo akayamwaga msalani. Nikamuuliza mbona anamwaga maji mazima. Akasema, "Maji ya safari hayaingii humu. Sijui yamebeba nini."

Na wala hawakuchanganywa na wenyeji. Hilo tangi dogo liko chumba cha nyuma, eti karantini, wakae huko mpaka ajue kama wana ugonjwa. Godoro langu nalo nikalikuta huko huko, mshauri, kando ya tangi. Sahani yangu peke yake, taulo langu peke yake.

"Mama watoto," nikamwambia, "hawa samaki wamekosa nini?"

"Hawajakosa. Siwajui."

"Na mimi?"

"Wewe nakujua kuwazidi kidogo, ndiyo maana nimekupa godoro."

Nikacheka nikidhani utani. Akaniuliza kule kambini nilikuwa napikiwa na nani, nikamwambia hayo ni maswali ya polisi. Akasema nikapime. Mzee mzima nikapange foleni na vijana wa juzi, nesi apaze sauti, "Babu, ingia wewe"? Sikwenda. Na sina baya nililolitenda: nimemtengenezea bawaba za mlango zilizokuwa zinalia, nimemhamishia cherehani yake kutoka dirishani maana pale ndipo penye upepo na mwenye goti ni mimi, hata simu nikipigiwa natoka nikapokelee uani nisimsumbue, ndani mtandao haushiki.

Sasa kilichonichoma ni hiki. Juzi kaja chumba cha nyuma na ndoo, akanipa nishike. Nikafurahi, nikajua leo tunahama wote. Akawavua samaki mmoja mmoja, anawakagua kama mitihani, "Mmekula vizuri, hamna madoa, hamjikuni. Haya, twendeni nyumbani."

Nikauliza, "Na zamu yangu lini?"

"Wenzako walikaa wakaniacha niwaangalie."

Akazima mashine ya hewa ya lile tangi dogo, nayo hukoroma vile vile, akabeba ndoo yake, akaurudisha mlango. Mshauri, ule mkoromo nilikuwa nautukana kila siku, lakini ulipokatika ndipo nilipoisikia nyumba ilivyozoea kutokuwa na mimi.

Mdogo wangu ananiambia Jumamosi nibebe godoro kwa nguvu niingie chumba kikubwa, nyumba yangu, mke wangu, na akileta mdomo nimwage sabuni kwenye tangi lake tuone. Nusu ya moyo imeshakubali. Mke wangu huanza na ukurasa wako hata kabla ya matangazo ya vifo. Nakuomba umwandikie kwamba mume si samaki.

Mimi, Mzee wa Chumba cha Nyuma.

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu, mdogo ni mimi: shikamoo. Ukishaitikia, kaa chini, maana utani wako ni mtamu lakini umefunika harufu tu, haujaiondoa.

Pole ninayo moja, ya kweli. Kuitumikia nyumba maisha yako yote, kisha ukafika ukakuta imejifunza kuishi bila wewe, kunauma, na hakuna dawa ya kuchua. Pole imeishia hapo.

Mkeo sitamwandikia chochote. Mume si samaki, nakubali. Samaki gani mgeni huingia akaanza kuhamisha mawe? Cherehani ilikaa dirishani kwa sababu mshonaji anahitaji mwanga. Umemnyima mwanga ili wewe upate upepo, kisha umeihesabu kuwa ni hisani.

Halafu kuna mahali pawili umepita mbio, ukidhani na macho yangu yako likizo. Uliulizwa nani alikuwa anakupikia, na hukusema "hakuna mtu," ulisema "polisi." Na simu ya kupokelewa uani, baba yangu, tangu simu zije duniani haijawahi kuwa na shida ya mtandao. Huyo wa kambini simfahamu wala sina haja naye. Mkeo ameshajua kwamba yupo. Kinachomtesa ni kwamba unamlazimisha ajifanye hajui.

Unalalamika amekuweka nyuma. Angeweza kukuweka nje. Mwanamke aliyekuchoka hakwambii ukapime, hukuacha uozee unapotaka. Huyu amekuachia mlango mwembamba, nawe na mdogo wako mnatafuta shoka!

Sikiliza sasa. Godoro lisisogee hata shubiri. Mdogo wako mwambie kama anapenda vita aanzie kwake. Hiyo sabuni usiitaje tena hata kwa mzaha, maana siku utakayowaua samaki wale utakuwa umemjibu mkeo maswali yake yote kwa mpigo. Leo hii rudisha cherehani dirishani, na usisimame pale ukingoja kusifiwa. Jumatatu nenda zahanati, uende naye, majibu yasikiwe kwa masikio manne. Nesi akikuita babu, itika, ndivyo ulivyo. Mkitoka huko, mwambie habari za huyo mtu, jina na miaka, kabla hajakuuliza tena.

Inawezekana ukafanya yote haya na bado akakwambia chumba chako ni kile kile. Hiyo ni haki yake. Utalala huko, utaamka, utamsalimia, utaosha sahani yako.

Na utakapokuwa unamweleza, nakuonya, usithubutu kujitetea kwa upweke. Naye alikuwa mpweke miaka ile ile, na alichokileta nyumbani ni samaki.