Mama ni Mzima, Kumbukumbu Hana

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu kabla hujauona mwandiko huu na kuushangaa. Herufi zilizosimama wima ubaoni miaka yote sasa zinalaliana kama walevi. Natumaini magoti yako yamepata nafuu, na kwamba shemeji bado analalamika chakula hakina chumvi, maana mzee anayelalamika chumvi bado yumo. Wajukuu wako wasalimu mmoja mmoja, hata yule asiyependa kusalimiwa.

Ukiniuliza hali yangu nitasema naendelea, ingawa sote wawili tunajua naendelea kwenda wapi. Daktari wangu ameacha kunikataza vitu. Zamani alinikataza sukari, akanikataza mafuta, akanikataza hata ngazi. Safari hii aliniuliza napenda kula nini. Nikaelewa. Kwa hiyo nina jambo la kukuambia mapema, linalomhusu marehemu mama na miezi yake ya mwisho. Nimelizunguka miaka kumi na minne kama mtu anayezunguka shimo katika ua wake mwenyewe. Na kilichonisukuma shimoni ni kompyuta ya kuchezea michezo. Usicheke. Nivumilie nieleze kwa mpangilio, kwani nikianza na mwisho sitakuwa na nguvu ya kurudi mwanzo.

Kitindamimba wangu, ambaye ndiye aliyebaki kunitunza, bado anafanya kazi pale kwenye zahanati, kwenye dirisha la kupokea wagonjwa. Miezi michache iliyopita alinitangazia kwamba anataka kompyuta ya michezo, ile ya kuendesha magari kwa kasi. Nikamwambia kwamba mwanamke wa miaka thelathini na sita hutafuta mchumba, hatafuti usukani wa kuchora. Akanijibu kwamba kutwa nzima anatukanwa dirishani, na jioni anataka kugonga magari bila kumuumiza mtu. Akaongeza kwamba mimi nilipokuwa na umri wake nilikuwa nikicheza drafti kila Jumapili, tena nikishindwa nanuna hadi Jumatano. Ana ulimi wako yule.

Kompyuta zilizokamilika dukani zilikuwa na bei ya kumtoa mtu machozi, hivyo akaamua kununua vipande kimoja kimoja na kuviunganisha. Mimi nikawa karani wake. Nilikaa kitandani na daftari, yeye ananisomea kwenye simu, nami naandika, nafuta, naandika upya. Nimejifunza uzeeni kwamba mwenye fedha kidogo huanza na kadi ya picha, maana ndiyo inayochora barabara na magari, na hiyo peke yake humeza karibu nusu ya mfuko. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, unachukua ya kizazi kilichopita, inatosha. Kumbukumbu unanunua vipande viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa, vivute pamoja kama maksai. Taa za rangi unaziruka. Kitinda alisema yeye anajenga kompyuta, hafungui disko.

Daftari tukalipeleka kwa fundi mmoja ambaye watu humwita Polepole, kwa sababu ndilo neno analoiambia kila mashine kabla ya kuifungua. Ana chumba chembamba kati ya mshonaji na mchonga funguo. Alisoma orodha yetu kama mkaguzi, kisha akasema dada abanie kila kitu ila asibanie kifaa kinachogawa umeme ndani, kwa kuwa cha bei ya chini kikilipuka hakifi peke yake, kinaita na ndugu zake. Akapima kadi tuliyoitaka kwa rula, akapima kasha la kubebea vipande tulilochagua, akasema kadi hiyo italala humo miguu ikiwa nje. Kasha refu lilikuwa na bei nyingine. Ndipo akauliza kama nyumbani hakuna kompyuta ya zamani, hata kama ni mbovu, tupate kasha lake na diski yake, tuokoe hela za vitu hivyo viwili.

Kitinda akakumbuka ile yangu, iliyo sebuleni chini ya kitambaa, inayobeba redio. Nikawahi kusema ile ilikufa zamani. Fundi akasema mashine haifi mpaka yeye aiandikie cheti.

Jumamosi Kitinda akaibeba hadi kwa fundi. Nilishikilia kwenda naye, miguu itake isitake, na Kitinda akadhani napenda sana mambo ya ufundi. Polepole akafungua kasha, akapuliza vumbi la miaka, akachomeka waya na kuinamisha sikio. Mashine ikalia mlio mfupi, mara tatu, ikanyamaza. Akacheka. Ujue kwamba ndani ya kompyuta kuna ubao mkubwa unaobeba vitu vyote, nao huuita ubao mama, na mafundi kwa uvivu husema mama tu. Akagusa mahali palipo wazi kwa ncha ya bisibisi, akamwambia Kitinda kwa furaha: "Mama ni mzima. Kumbukumbu hana."

Mdogo wangu, nilitafuta kiti nikakaa. Akaendelea kueleza kwamba kuna mtu alifungua humu akachomoa kumbukumbu, na bila hiyo mashine haiwezi hata kujua kwamba imeamka. Akauliza ni nani. Kitinda akanitazama. Nikasema labda panya.

"Panya mwenye bisibisi," akasema fundi.

Akatoa kipande cha zamani kwenye droo yake, akakibana mahali pake, na mashine ikawaka. Ikawaka kama tuliizima jana. Nikamuuliza vipi mambo yangu yote yamo ilhali kumbukumbu ilitolewa. Akanifafanulia kwa heshima, kama mtu anayemvusha mzee barabara, kwamba kumbukumbu kwao si mahali pa kuweka yaliyopita. Ni mahali mashine inaposhikilia jambo wakati iko macho, ukizima umeme inasahau yote. Ya kudumu yako kwenye diski. Mimi niliyefundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja nilifundishwa neno hilo pale, na mtu mwenye mafuta ya mashine vidoleni.

Kwenye kioo palikuwa na mitihani yangu ya zamani, ratiba za shule, na faili moja iliyoandikwa: Barua ya mama kwa Chiriku. Hakuna mtu mwingine duniani, ila wewe, ambaye mama alimwita Chiriku. Kitinda akaifungua, akaisoma kimya, akajifuta macho kwa kiwiko. Akaniuliza kama shangazi yake aliipata. Nikasema aliipata, zamani sana. Nilisema hivyo nikiwa na ugonjwa huu, na mguu mmoja tayari kaburini.

Akafurahi. Akamwambia fundi basi afute vyote, kwani mchezo mmoja tu unakula theluthi ya diski ile, na kwenye bajeti hakuna diski nyingine. Polepole akaweka kidole tayari, lakini kwa kuwa mashine ilikuwa yangu akanigeukia: "Mzee, nifute?"

Hapo ndipo nilipofika, mdogo wangu. Kazi niliyoshindwa kuimaliza miaka kumi na minne iliyopita, mtu aliniuliza kwa adabu kama animalizie. Nikataka kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni. Nikasema asifute. Nikasema shangazi hakuipata, niliificha mimi.

Sasa sikia ambalo nilimwambia mwanangu mbele ya fundi, na ambalo ulistahili kulisikia kabla yao. Ulipoolewa kinyume cha matakwa yake mama aliapa kutokutaja jina lako, na mimi sikumzuia. Lakini mwaka wake wa mwisho aliniita, akaniambia niwashe kompyuta, ana barua ya kukuandikia. Alinitajia maneno kwa alasiri tatu, akipumzika kila baada ya sentensi mbili. Alisema jina lako ndilo linalomjia kwanza kila asubuhi. Alisema uje, mkono wako ndio anaoutaka umfumbe macho.

Nilikuwa nimemlisha miaka sita. Nilimwosha, nilimgeuza, nilibeba ndoo zake. Nikajisemea kwamba aliyepo hatajwi. Nikamwambia barua nimeituma. Kila siku aliuliza kama umejibu, nami nikisema bado. Wewe ulipoandika kuuliza hali yake, nilikujibu kwamba mama amepoteza kumbukumbu, hakutambui wewe wala mtu, na nauli ungeiweka kwa matumizi mengine. Ni uongo. Alikuwa na akili zake hadi saa ya mwisho. Alinisahihisha sarufi siku mbili kabla ya kufa. Ulikuja kuzika, ukasimama mbali na kaburi kama mgeni, ukaondoka ukiamini amekufa hakukutaka. Nilikuona. Ningeweza kuvuka hatua kumi nikakwambia.

Baada ya mazishi niliogopa mtu asije kuiona ile barua. Mwalimu mwenzangu aliwahi kunicheka kwamba ukifuta kitu kwenye kompyuta hakifutiki, kinabaki kwenye kumbukumbu. Nikaamini neno kama nilivyozoea kuyaamini maneno. Nikafungua kasha, nikatafuta kipande kinachoitwa kumbukumbu, nikakichomoa, nikakivunja vipande viwili na kukitupa shimo la taka. Mashine ikakataa kuwaka. Nikaona nimefaulu. Nikatandika kitambaa juu yake, nikaweka redio.

Kitinda hakunipigia kelele. Alichukua daftari langu, akakata kadi ya picha tuliyokuwa tumeihangaikia wiki tano, akamwambia fundi ampe ya daraja la chini, na fedha itakayobaki inunue diski mpya. Ile ya zamani asiiguse mtu. Fundi akamwonya kwamba magari yatakuwa yakikwama kwenye kona. Akasema na yakwame. Tangu siku hiyo ananiletea dawa kwa saa zake, ananifunika, ananiuliza kama nimeshiba. Haniiti Baba. Ananiita mzee, kama fundi.

Barua ya mama aliichapisha yeye, nayo nimeiambatisha hapa, kurasa mbili. Diski yenyewe hataki kuituma; anasema ataileta kwa mkono wake mwisho wa mwezi, naomba umpokee. Mimi sitaweza kuja, na msamaha siuombi, kwa kuwa anayenidai zaidi ameshaondoka. Nilitaka tu kukwambia kwamba mama alikuita, akakungoja siku mia na nne. Nilizihesabu hata wakati ule.

Kuna jambo moja zaidi, halafu nilale. Nilipoipata karatasi niliisoma yote, na mwishoni nikakuta maneno ambayo ningeapa hayakuwepo. Niliyapiga kwa vidole vyangu mwenyewe alasiri ya tatu, nikiwa na hasira iliyoziba masikio, nisiyasikie. Mama anasema hivi: "Huyu anayeandika ni kaka yako. Amechoka, ila hasemi. Ukifika, mwambie akalale, wewe ukae nami."

Msalimie shemeji, wasalimie watoto na wajukuu. Mkae salama nyote, na Mungu akujalie miaka ile niliyokuibia.

Ni mimi, kaka yako.