Mama na Picha za Kabla ya Kimbunga

Jumatano, baada ya Magharibi

Na bado nnacheka peke yangu. Kimbunga kinakuja, na leo ofisini sisi wakaguzi wa hasara wa bima tumegaiwa viatu vya mvua. Mimi, ambaye tangu niajiriwe nnakagua magari yaliyogongwa tu, nilivivaa palepale. Kimbunga changu cha kwanza! Watu wanaogopa na mimi moyo unanirukaruka kwa furaha. Naona haya, lakini ndivyo ilivyo.

Aliyenitia wasiwasi ni Mama. Siku ya pili hii namsihi atoke kwake Hail, karibu na bahari, aje kwangu Mawaleh, mbali na maji. Hataki. Jioni nikapita kumwomba nijizoeze kazi kwake, nipige picha kila chumba kilivyo kabla hakijaharibika.

Akavaa buibui jipya, akasimama mbele ya kabati la vyombo.

"Hili nimekuja nalo kutoka Unguja. Limeonekana?"

"Limeonekana, Mama."

Tukamaliza mpaka stoo. Akazitazama picha moja moja, kisha akachukua mkoba wake.

"Basi nyumba nzima unayo wewe. Mie nnakaa hapa nnafanya nini? Twende."

Sasa yuko jikoni kwangu, anazilalamikia sufuria zangu, eti nyepesi. Alhamdulillahi.