Mazuku darasani

Jumanne, usiku

Nimejikasirikia mno. Leo nilifundisha jinsi gesi ya kaboni inavyoifunika dunia kama blanketi na kuizidishia joto. Ili waelewe upesi, nikasema ni ileile ya mazuku, inayotoka ardhini huku kwetu Keshero, ikatuama chini na kuua mbuzi.

Espérance akasimama. "Mwalimu, basi itatufunika siye bote tukiwa tumelala?"

Nikasema hapana, angani ni kidogo, haiui hivyo. Hakukaa. Nilisahauje? Mdogo wake aliuawa na mazuku, amelala chini kwenye mkeka. Nilikwenda hata kilioni kwao.

Sasa hivi mama yake amepiga simu. "Mwalimu, mutoto anakatala kulala. Amepandisha badogo yake bote juu ya meza."

Nilitaka kumwambia awashushe. Nimeshindwa.