Ufunguo wa Pili

Jumatatu, 4 Machi
Shuleni tena. Sanduku langu la malalamiko kwa polisi limefikisha mwezi ukutani, nje ya maktaba. Darasa la sita wakaniuliza kama kila wiki: afande, kweli walimu hawasomi barua zetu? Nikachomoa ufunguo mfukoni, nikauning'iniza mbele yao. Ninao mimi tu! Wakapiga makofi. Barua mbili, zote za vyoo vichafu. Nimezipeleka kwa bwana afya wa mtaa.

Jumatatu, 11 Machi
Sanduku tupu. Watoto hawanitazami usoni.

Mpishi wa shule akanivuta nyuma ya jiko. Anasema Alhamisi mwalimu mkuu alilifungua sanduku mwenyewe. Akakuta barua moja, akaisoma mstarini, mbele ya shule nzima! Kisha walimu wakakusanya madaftari, wakalinganisha miandiko mpaka wakampata aliyeiandika. Binti wa darasa la sita. Aliandika kwamba mwalimu wa nidhamu alimpiga kwa kipande cha mpira wa maji kichwani, sikio likatoa damu. Wamemfukuza mpaka alete mzazi na kuomba radhi. Aliyepigwa ndiye aombe radhi!

Nikaingia ofisini kwa mwalimu mkuu bila kubisha. Ufunguo umeupata wapi? Kwa mkuu wako wa kituo, anasema, na chai anakunywa.

Kufuli lilikuja na funguo mbili. Utaratibu wetu ni kwamba wa akiba unakabidhiwa kwa mkuu. Niliukabidhi. Nikatia sahihi, tena kwa mwandiko mzuri. Haikunipitia kichwani hata siku moja kwamba angeutoa! Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu kazaliwa leo na meno yake.

Jumanne, 12 Machi
Nimemkabili mkuu. Koplo, anasema, yule mwalimu mkuu ni mshirika wetu, na sanduku ni la ujirani mwema, si la kuchimbua watu. Nikamwambia mtoto amepigwa, afande, hilo ni kosa la jinai. Akasema hakuna mlalamikaji, hakuna kesi. Mlalamikaji wamemfukuza wao! Akaniambia nipunguze sauti. Sikuipunguza.

Nyumbani nimeosha vyombo kwa kishindo. Baba watoto akauliza sufuria zimemkosea nini afande. Nikacheka kidogo, kisha nikalia. Akasema nisije nikahamishiwa porini kwa mdomo wangu. Nikamwambia potelea mbali.

Jumatano, 13 Machi
Nimekwenda kwa mama wa yule binti. Ni fundi cherehani, na hakusimamisha mashine. Wewe ndiye wa ufunguo? Ni mimi, dada. Mtoto alikuwa sakafuni anafumua pindo. Nilimsalimia mara mbili ndipo akasikia, nikiwa nimehamia upande wa kulia. Zahanati wamesema ngoma ya sikio imepasuka. Na huyo bwana nidhamu leo kaingia darasani, kashika chaki!

Niliomba radhi. Sikutaja utaratibu, ningejichukia. Nikamsihi amlete kituoni tuandike. Akasema mwanangu alishaandika mara moja, afande, umeona kilichompata. Nikamwambia bila maelezo ya mtoto siwezi kumgusa yule mwalimu, na atapiga wengine. Akakata uzi kwa meno, akachukua kitambaa kingine.

Alhamisi, 14 Machi
Wamekuja! Saa tano unusu, mama na binti, na karatasi ya zahanati mkononi. Mkuu yuko kikaoni mpaka saa sita. Nikawaweka mezani kwangu, nikafungua kitabu cha matukio. Kile hakichanwi, kila ukurasa una namba.

Binti akaniangalia nikiandika tarehe. Akauliza: na hicho nacho, nani anasoma?

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia kweli: mkuu wa kituo, kila jioni, na anatia sahihi. Yule yule aliyetoa ufunguo? Yule yule. Lakini kikishaandikwa hawezi kukifuta, nikasema, na nakala nitaipeleka mwenyewe makao makuu ya wilaya. Akasema hata ufunguo ulisema unao wewe tu.

Mama akamwambia ni juu yako, mwanangu, mimi nitakuwa nyuma yako. Binti akaomba wakae nje kwanza, afikirie.

Wako kwenye benchi. Nawaona dirishani. Nimejaza tarehe, saa na namba ya tukio. Mstari wa jina la mlalamikaji bado mweupe. Ni saa sita kasoro dakika tano, na gari la mkuu limeshaingia getini.