Gari Ulilomletea Baba

Detroit, Januari

Kaka Lavell,

Sisi hatujambo. Theluji imefika dirishani, na Shangazi Odessa amemaliza keki zote za msiba.

Ulipouza Cadillac ya Baba ukamletea gari la Kijapani, ulisema halinywi mafuta. Baba alifanya kazi ya kufungia magari ya Cadillac milango, kiwandani hapa Detroit, maisha yake yote. Aliniuliza, "Wenzangu wakiniona ndani ya kidude hicho, uso nitauweka wapi?" Akawa anakwenda kanisani kwa miguu. Jumapili moja alianguka njiani, hakuinuka tena.

Unauliza kama tulimzika kwa heshima. Alibebwa hadi makaburini na Cadillac. Mwenzake mmoja aliufunga mlango, akausikiliza, akasema, "Huu ni kazi yake."

Gari lako liko uani. Njoo ulichukue.

Dada yako,
Ernestine